Dereva wa Matanga na Gari Lisilonguruma

Shemeji wa marehemu ameshika kipaza sauti na ameomba dakika mbili tu. Dolphine Nasike anamtazama kwa jicho la mtu aliyesikia ahadi hiyo tangu asubuhi, na sasa jua limepinda na wasemaji hawajaisha.

Ni Jumamosi, kwenye boma moja la Uyoma, mwendo mfupi kutoka gati ya Luanda Kotieno. Hema mbili zimejaa pomoni. Waliokosa viti wamesimama hadi ndani ya shamba la mtama. Waya mrefu wa rangi ya chungwa unatoka kwenye spika, unapita katikati ya miguu ya wajomba na kuishia kwenye pua ya gari dogo jeupe lililoegeshwa kando ya ua.

Gari hilo la umeme ndilo lililomleta Dolphine. Ndilo linaloendesha spika, kinanda cha kanisa na jokofu la soda. Na ndilo linalotakiwa kumrudisha Nyamasaria, upande wa pili wa Kisumu, karibu kilomita mia moja, pamoja na kina mama watatu aliowabeba.

Anajipenyeza hadi kwenye gari, anafungua mlango nusu na kuchungulia kioo kilicho mbele ya usukani. Walipofika, betri ilikuwa asilimia hamsini na mbili. Sasa ni arobaini na moja. Safari ya kuja ilikula arobaini.

"Mama, ambia MC aharakishe hawa watu," anamnong'oneza Mama Jacinta, muuza dagaa wa omena kutoka Kisumu aliyemkodi kwa ajili ya chama chao cha kuzikana.

"Nani aharakishwe, nyathina, mwanangu?" Mama Jacinta anajibu bila kugeuza uso. "Huyo ni shemeji. Baada yake ni kanisa. Na sisi watu wa chama hatujaongea."

Dolphine anarudi kwenye kiti chake na kukunja mikono. Gari hilo si lake. Bado. Mwenyewe, Bwana Owiti, ni mhasibu anayehamia Uganda kikazi, na alimpa ufunguo Ijumaa jioni akamwambia alitumie kama lake hadi Jumatatu. Jumatatu hiyo anataka jibu: malipo ya kwanza ya shilingi laki tatu, au ufunguo wake.

Laki tatu hizo zipo. Shida ni kwamba zina kazi nyingine. Dolphine na mumewe, Absalom Wakoli, wameziweka kwa miaka minne ili Absalom akodi kiwanja na kujenga gereji yake mwenyewe pale Mamboleo, ambako amekuwa akitengeneza injini kwenye uwanja wa mtu mwingine tangu ujana wake.

Dolphine ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Kimilili, akaolewa, akaletwa Kisumu, na kwa miaka saba sasa ni dereva wa matanga. Hana kituo cha teksi wala hapigi debe. Simu yake hulia kuanzia Jumatano, watu wanapojua mazishi ya wikendi ni wapi.

Madereva wa matanga ni wengi, lakini wengi wao hushusha waombolezaji, huenda zao kutafuta abiria wengine, na kurudi jioni wakipiga honi langoni. Dolphine hafanyi hivyo. Yeye hukaa. Huimba wanapoimba, hula wanapokula, na hutupa udongo wake kaburini kama mwenyeji.

"Mtu amepoteza kaka yake, halafu mimi nimpigie honi?" anauliza. "Nikikubeba kwenda matanga, hiyo matanga ni yangu pia."

Kwa sababu hiyo wateja hawamwachi. Lakini gari lake kuukuu la petroli limemchosha. Injini imefunguliwa na kufungwa na Absalom mara tatu, na kila mara inarudi na ugonjwa mpya. Katika kila shilingi elfu moja anayopokea, zaidi ya nusu huishia kwenye tangi. Mwezi ukiwa mbaya, anasema, yeye hufanya kazi kwa ajili ya kituo cha mafuta.

Kwa hiyo Owiti alipomwonyesha gari linalochomekwa ukutani kama pasi, moyo ulimruka. Wa Absalom haukuruka.

"Hiyo ni simu iko na magurudumu," alimwambia Ijumaa, gari likiwa limesimama mlangoni kimya kama mgeni aliyekosa adabu. "Simu ikiharibika, unapelekea makanika? Bwana ni fundi wa injini, halafu bibi ananunua gari haina injini. Watu wa Mamboleo watasema nini?"

 Dolphine aliondoka alfajiri akiwa na hesabu safi kichwani: kwenda, kurudi, na akiba kidogo. Hesabu hiyo ilivurugwa na mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Katikati ya wimbo wa kwanza, jenereta la kukodi lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza. Fundi wake alivuta kamba hadi jasho likamtiririka. Umati ulianza kunung'unika, na Beldina, mjane, akashika kichwa kwa mikono miwili karibu na jeneza la mumewe, Mzee Opondo.

"Nikajiona nimesimama," anasimulia Dolphine. "Nikasema, 'Mama, gari yangu iko na stima.' Hata sikusema gari ya Owiti. Nilisema yangu. Mbele ya watu wote hao."

Owiti alikuwa amemwonyesha kifaa cha kutolea umeme kwenye gari, na Dolphine alitamani sana kukijaribu. Anakiri kwamba huruma ilikuwepo, na majivuno kidogo pia. Spika zilipowaka, watu walipiga makofi. Mjane alimshika mkono. MC akamshukuru "dada yetu wa gari ya kisasa."

Ulimi uliponza kichwa. Pande hizi mazishi hayana msemaji mmoja. Huanza wajomba, wakaja wakwe, wakaja waliosoma na marehemu, kanisa, chama, majirani, na kila anayetoka kwa gari kubwa. Kila mmoja ana lake, na anayenyimwa nafasi huondoka na kinyongo cha miaka. Kuchomoa waya katikati ya maneno hayo ni kama kumfunika marehemu mdomo.

Basi alikaa. Aliwasikiliza wakwe akihesabu kilomita. Alimsikiliza mwalimu mstaafu aliyeanza na mwaka ambao Mzee Opondo alinyoa nywele kwa mara ya kwanza. Mama Jacinta naye aliposimama kuongea kwa niaba ya chama, aliomba wimbo, beti zote.

Jeneza lilipoteremshwa, Dolphine alitupa udongo wake, akala ugali na samaki bila kuusikia utamu wake, kisha akachomoa waya. Asilimia thelathini na tatu.

Aliwaambia abiria wake ukweli. Kama wangetaka, wangepanda matatu kutoka Ndori na yeye angejikokota peke yake. Mama Jacinta alikataa katakata, maana chama chao kina sheria: waliokwenda kuzika pamoja hurudi pamoja.

"Tukikuacha njiani tutalala aje?" alisema, akijifunga mkanda.

Walikwenda polepole. Kipoza hewa kilizimwa, madirisha yakafunguliwa, vumbi likaingia. Malori yaliwapita, pikipiki zikawapita, hata trekta la miwa liliwakaribia sana kwa nyuma hadi kina mama wakacheka kwa woga. Kila mlima mdogo ulinyofoa tarakimu moja. Kwenye miteremko Dolphine aliachia kanyagio na kuomba Mungu, na mara mbili tarakimu ilisimama bila kushuka.

Ndani ya gari kulikuwa kimya isipokuwa mvumo mwembamba uliotoka chini ya miguu yake. Mvumo huo aliusikia tangu asubuhi. Aliudhani ndiyo sauti ya umeme.

Walipofika Holo, asilimia zilibaki sita na jua lilikuwa likizama. Kutoka hapo hadi nyumbani ni zaidi ya kilomita thelathini. Dolphine aliona kinu cha kusaga mahindi kando ya barabara, taa yake ikiwaka, akaingia bila kuuliza.

Mwenye kinu, Mzee Okinyi, alitoka akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"Mnasaga nini?"

"Hatusagi, Mzee. Tunaomba kuchaji gari."

Alilitazama gari, akawatazama kina mama. "Na ikiunguza kinu yangu?"

"Mzee, tumetoka kuzika," Mama Jacinta alisema kutoka kiti cha nyuma.

Okinyi hakuuliza tena. Aliondoa gunia lililoziba soketi na kuwaletea benchi. Dolphine alichomeka, akaona taa ya kijani, kisha akafanya jambo aliloliogopa kuliko giza la barabarani. Alimpigia mumewe.

"Baba Becky, niko Holo. Usiseme kitu. Kuja tu."

Absalom alifika kwa bodaboda, kamba ya kuvutia gari ikiwa begani. Aliwasalimia kina mama mmoja mmoja. Akazunguka gari. Akafungua boneti, akainama, akagusa hapa, akagusa pale, akaifunga taratibu. Kwa mazoea akatoa kitambaa mfukoni kujifuta mikono. Mikono ilikuwa safi. Kitambaa ndicho kilichoichafua.

Alisimama akiitazama mikono hiyo kwa muda.

"Nilingoja aniambie, 'Si nilikwambia?'" anasema Dolphine. "Hakusema. Nikaona anaogopa. Miaka yote nilifikiri Absalom hajui kuogopa, kumbe ilikuwa ni kazi yake anaona inaondoka. Nikalia. Mama Jacinta akaniuliza ni nini, nikasingizia unga."

Saa mbili zilipita kwenye benchi hilo, kila mtu akiiombea taa ya Mzee Okinyi isizimike, maana stima za huko hupotea bila kuaga. Hazikupotea. Dolphine alipotaka kumlipa, mzee aliukataa mkono wake, akasema pole.

Absalom aliketi mbele, kamba mapajani. Gari liliingia barabarani. Hawakufika mbali.

"Simamisha."

"Nini tena?"

"Hii sauti ni ya nini?"

"Si ni umeme?"

"Umeme gani inalia kama mbu?" Alifungua mlango, akamwambia aendeshe taratibu, akatembea kando ya gari akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sarafu. Aliporudi ndani alikuwa na uso mwingine. "Hiyo ni beringi. Mguu wa mbele, kushoto. Inakufa. Na ikijifunga ukiwa kwa mteremko, utazikwa wewe."

Kutoka hapo hadi Kisian alizungumza yeye peke yake. Beringi, breki, shokamzoba, vipira vya usukani. Kina mama walisinzia. Dolphine aliendesha macho yakiwa kwenye tarakimu na masikio yakiwa kwa mumewe, na anasema hajui kipi kilimfikisha Nyamasaria.

Hata hivyo usiku ule alikuwa ameamua. Jumapili baada ya kanisa alimwambia Absalom kwamba atarudisha ufunguo. Gereji kwanza. Gari lililomwacha kwenye kinu cha watu si gari la kuwekea ndoto ya mtu mwingine rehani.

Absalom alikunywa chai hadi ikaisha.

"Kule matanga ulisema gari ni ya nani?"

"Nilisema ni yangu. Mdomo tu."

"Ulisema mbele ya maiti?"

"Jeneza lilikuwa hapo."

"Basi imekwisha," alisema Absalom. "Siwezi kufanya bibi yangu mwongo mbele ya maiti."

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa Bwana Owiti. Absalom aliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha, akamwita mwenye gari asikilize. Bei ilishuka kiasi cha kununulia beringi mpya na kubaki na kitu. Dolphine alilipa laki tatu. Zilizobaki atazilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Siku hii tunazungumza naye Mamboleo, gari likiwa limening'inia upande mmoja na miguu ya Absalom ikichungulia chini yake. Mafundi wenzake wamekusanyika, wengine kucheka, wengine kujifunza. Anapotoka kuchukua spana, mikono yake ni myeusi hadi kwenye viwiko, na anaitazama kwa namna ambayo mkewe anaielewa.

Mpango wao ni mmoja. Pesa iliyokuwa ikienda kwenye petroli sasa itakwenda kwenye gereji, na Dolphine amejipa hadi mwisho wa mwaka ujao kuona mabati yake yakipigwa misumari. Absalom anatafuta mahali pa kufundishwa mambo ya betri. Hasemi sana juu ya hilo. Anasema tu kwamba miguu ya gari anaijua, sasa anataka kujua moyo.

Naingiwa na hofu kwa niaba yake, kwa maana deni ni deni na betri haina huruma. Lakini Dolphine tayari ana mazishi Jumamosi, upande wa Bondo, na familia imeuliza kama ndilo lile gari lililoendesha spika Uyoma.

Na jenereta la huko nalo likizimika, atafanya nini?

Anacheka, kisha cheko linakatika. Anamwona tena mjane ameshika kichwa.

"Nitanyamaza," anasema. "Nimejifunza."

"Hawezi huyo," inasema sauti kutoka chini ya gari. "Nimemnunulia waya ndefu ya kuchaji njiani. Iko nyuma."