Kura ya Baba Aliyekuwa Nairobi

Siku hizi nikisikia redioni watu wanabishana kama Mtanzania anayeishi ng'ambo apige kura au asipige, huwa naongeza sauti. Wajukuu wananishangaa, maana habari nyingine za siasa nazipisha ziende zake. Hawajui kuwa mabishano hayo niliyasikia zamani sana, nikiwa binti wa shule, nimesimama kati ya mama yangu na karani kama mkalimani wao.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kwetu ni juu ya Maji ya Chai, kwenye migomba na kahawa. Baba alikuwa fundi wa magari katika gereji moja mjini Arusha. Alipanga chumba Kijenge, na kila Jumamosi alipanda kuja kwetu na mkate wa dukani aliousokomeza kwenye mfuko wa ovaroli. Mkate ulifika umebondeka, unanuka petroli kwa mbali, nasi tuliugombania utadhani hatujala wiki nzima. Harufu ile naitamani hadi leo.

Ilipotangazwa kwamba watu watachagua wajumbe wa baraza kubwa la Tanganyika, baba alijiandikisha. Si kila mtu aliruhusiwa. Ilitakiwa uwe na elimu, au kipato, au cheo, na mshahara wa gereji ulimvusha. Siku hiyo alitembea kifua mbele kijiji kizima, na mama alijifanya hamwoni huku anatabasamu. Lakini kabla siku ya kura haijafika, mwenye gereji akamhamishia kwenye karakana yake ya Nairobi, na likizo akamnyima.

Majirani hawakuchelewa. "Huyo ameshalowea huko," walimwambia mama mferejini. "Nairobi haimrudishi mtu." Mama alikuwa mkali, na kwa kawaida maneno ya watu hayakumnyima usingizi, ila hayo yalimchoma. Ndiyo maana kura ile akaishikilia. Kura ya baba ikihesabiwa hapa, basi baba bado ni mtu wa hapa, na midomo yote itafungwa.

Baba alituma neno kupitia kwa mjomba, dereva wa lori aliyekuwa akipita Namanga mara kwa mara. Yalikuwa majina matatu, kwa sababu sheria ya kura ile ilikuwa ya ajabu: kila mtu achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, na ukimruka mmoja umeharibu yote. Mama aliyakariri majina hayo huku anamenya ndizi.

Sasa, katika ukoo wetu mtu akiwa safarini hakosi kusikika kikaoni. Mkewe au nduguye hulileta neno lake pamoja na jani la sale, ule mmea tunaoupanda mipakani, likiwa limefungwa fundo. Jani likishawekwa katikati ya wazee, aliye safarini amehudhuria. Mama hakuona kwa nini serikali ifanye vingine. Asubuhi ya kura akakata jani, akalifunga fundo, akavaa gauni lake la kanisani, akanichukua mimi kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, tukateremka hadi shule iliyofanywa kituo.

Karani alikuwa kijana wa Kichaga, shati lake limepigwa pasi likanyooka. Nyuma yake alikaa msimamizi wa Kizungu na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaliweka jani mezani. "Baba wa watoto wangu yuko Nairobi. Neno lake hili hapa."

Karani alilijua sale, maana kwao pia lipo. Hakucheka. "Mama, kura haitumwi," alisema taratibu. "Anapiga aliyepo."

Mama akajibu kwa Kimeru, kwa kirefu, nami nikageuza: "Anasema, tuliponyang'anywa ardhi yetu tulimtuma mtu ng'ambo akatusemee kwa wakubwa wa dunia. Sisi wote hatukuwepo huko, na alisikilizwa. Basi mama anashindwaje kuleta neno la mtu mmoja kutoka hapo Nairobi tu?"

Karani akamgeukia Mzungu, wakanong'ona. Mzungu akatikisa kichwa.

"Haiwezekani, mama. Kama hayupo, hayupo."

Mama akafikiri kidogo. Kisha akaniweka kando kwa mkono, akasema mwenyewe, "Haya. Yeye hayuko. Mimi niko. Nipe mimi hiyo karatasi."

"Umesoma hadi darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Una mshahara?"

"Nina kahawa na watoto sita."

Karani akainamisha macho. "Basi hutaweza, mama."

"Aliyeruhusiwa hayuko, na aliyeko haruhusiwi," mama alisema. "Nyumba yangu haina mtu, siyo?"

Karani akalichukua lile jani kwa mikono miwili, akamrudishia. Niliumia sana siku ile, na bado namshukuru kijana yule kwa mikono yake miwili.

Baba alikuja Krismasi. Alileta mkate wa Nairobi ndani ya boksi, mzima kabisa, wala haukuwa mtamu kama ule. Usiku mama akamsimulia yote jikoni. Baba alicheka akashika mbavu, halafu kicheko kikamwishia.

"Kule wananiambia mimi ni mtu wa Tanganyika," alisema. "Na huku ndiyo hivyo." Akautazama moto. "Lakini ulinisemea. Majina yangu yote matatu?"

"Niliyabeba yote matatu." Mama aligeuza ndizi kwenye makaa. "Ila wangenipa mimi karatasi, yule Mzungu wako nisingemchagua."

Baba akashtuka. "Ungemchagua nani?"

Mama akamtaja mwingine. Wa baba, alisema, hajawahi hata siku moja kushuka kwenye gari lake akasalimia watu sokoni. Baba hakuwa na desturi ya kumuuliza mama mambo ya namna hiyo. Usiku ule aliuliza, akasikiliza hadi mwisho, nami nikajikausha pale kwenye kigoda nisije nikafukuzwa kulala.

"Mama watoto," alisema baadaye, "kura zetu zingegongana. Mtu na mkewe!"

"Zingegongana," mama akasema. "Lakini zingekuwepo."