Kadi yangu ya biashara ina kiuno cha mteja, na siibadilishi

Wakuu, salaam aleikum na habari za mchana. Nawaletea jambo lililonipata mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome kwanza hadi chini.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nashona mabuibui na magauni ya harusi kwenye duka la shangazi yangu, Bi Zuhura. Ndiye aliyenifunza kazi.

Mwaka juzi nikataka nami niwe wa kisasa. Designer mmoja wa Ganjoni akanitengenezea business card. Nyeusi, inang'aa, maandishi ya dhahabu, logo ya sindano.

Nikazigawa mtaa mzima.

Wiki haijaisha, naingia mkahawani kununua mahamri, naona ile meza yao inayoyumba kila siku leo imetulia. Nikainama. Kadi yangu imekunjwa mara nne, imetiwa chini ya mguu wa meza!

Niliumia, wakuu. Hata mahamri sikuyala.

Nikajiuliza, ni kitu gani mwanamke hakitupi? Jibu lilinijia nikimpima mteja. Alikuwa ananyoosha shingo aone ninachoandika.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu vipimo hukaa kwenye daftari la fundi. Daftari lake shangazi hulifungia kwenye droo na ufunguo anauvaa shingoni. Mteja haambiwi namba zake, akitaka nguo nyingine sharti arudi. Ndivyo naye alivyofunzwa.

Nikachapisha kadi mpya. Karatasi isiyong'aa, maana ile ya kwanza hata kalamu ilikuwa haishiki. Mbele jina la duka na simu. Nyuma mistari ya mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu. Jina la mteja haliandikwi. Nikishapima, najaza, namkabidhi.

Shangazi kuiona tu, akakaa kitako.

"Wewe una wazimu? Wataka kiuno cha mtu mke kitembee mjini?"

"Hakitembei, shangazi. Anacho mwenyewe."

"Na akenda nacho kwa fundi mwengine?"

"Na aende. Kiuno ni chake."

Hapo ndipo alipowaka. Akanipa muda hadi Idi: mteja mmoja tu akipotea kwa sababu ya kadi, nitafute pahali pengine pa kuweka cherehani yangu.

Niliogopa, siwafichi. Pahali pengine sina. Lakini nilichoka kuwashikilia watu kwa kuwaficha miili yao wenyewe. Nikaziweka kaunta, mbele kabisa.

Na kweli, mama wa kwanza kuichukua, wa Mbaraki, akaenda nayo kwa fundi wa Biashara Street. Habari zikatufikia. Shangazi akanikumbusha: Idi ikifika, cherehani nje.

Siku ya tatu wakaingia wanawake watatu. Ni dada zake yule mama.

"Hatukuja kushona," akasema mkubwa wao. "Twataka kadi kama ya dadetu. Aificha hata mumewe haioni."

Nikawapima. Kupimwa kukawa kicheko, kicheko kikawa kushika vitambaa. Wawili waliacha oda za Idi.

Tangu hapo sijaikuta kadi yangu chini ya meza ya mtu. Nani atatupa ovyo kadi yenye nyonga zake?

Idi ilipokaribia, shangazi akafunga mlango adhuhuri. Nikajua ndio siku yangu ya kufungasha. Akavua buibui, akasimama mbele yangu.

"Nipime."

Wakuu, nilishika futi nikasahau pa kuanzia. Miaka yote amepima wanawake wa mji huu, na ndani ya lile daftari yeye hayumo. Nguo zake alizikata kwa kukisia tu.

Nikampima, nikaandika. Akaisoma polepole, akaitia kwenye mkoba wake.

"Bado sizipendi," akasema, akafungua mlango.

Cherehani yangu iko pale pale.

Nililojifunza: kadi inayokusifu wewe tu haina faida kwa mteja. Mtilie kitu chake, ataitunza.

Na nyinyi mafundi mnaonitumia WhatsApp kwamba naharibu kazi, kesho kadi hizi nitazigawa tena. Kama wateja wenu wanarudi kwa sababu mmewafungia vipimo, fungueni droo tuone watabaki wangapi.

Haya, nitukaneni au nisifuni. Ila kwanza tazameni pochi zenu: mna kadi ya nani humo, na kwa nini hamjaitupa?