Neno la Kiarmenia Lililofika Tanga

Mama wa Kiarmenia mwenye duka la mikate ninakofanya kazi, huku Maryland, anajivunia lugha yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Na mimi ni mtu wa Tanga. Kwa kujivunia lugha sishindwi kirahisi.

Tukikanda unga huniambia kwamba "dustr" ya Kiarmenia na "daughter" ya Kiingereza, zote zikiwa na maana ya binti, zimetoka kwa bibi mmoja, lugha kongwe iliyokufa zamani sana. Hata ng'ombe wao ni "kov" na wa Waingereza ni "cow". Ila ni mkweli, alikiri kwamba nyumbani hakuna amwitaye mtoto "dustr", hilo ni la vitabuni. Wao husema "aghjik". Nikamwambia Kiswahili kimechukua maneno kwa Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno, na kila neno kimelivisha nguo zake. Akasema Kiarmenia nacho kimechota kwa Waajemi mpaka wataalamu wa zamani walidhani ni tawi la Kiajemi. Tukatoka sare.

Nyumbani sikuwa na la kujivunia. Binti yangu, aliyezaliwa huku na sasa yuko chuo, Kiswahili anakielewa chote, hata umbea ninaotaka kumficha, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga, binti hutabasamu kwenye skrini na mimi ndiye mkalimani. Iliniuma sana. Mama amezeeka, na nilitaka asikie sauti ya mjukuu wake kwa lugha yake, angalau mara moja.

Jumamosi moja binti alikuja kunichukua kazini, akadokoa mkate uliotoka jikoni sasa hivi, akaungua kidole. Mwenye duka akamshika mkono. "Tsavt tanem," akamwambia.

Binti akauliza maana yake. Ni kama kusema nichukue maumivu yako, akaelezwa. Huambiwa mtoto aliyejikwaa, mgeni aliyechoka, hata mpenzi. Akauliza Kiingereza kinasemaje. Mwenye duka akafikiri, akasema kina "sorry" tu, na hiyo hiyo hutumika ukimkanyaga mtu.

Nilicheka, maana imenisumbua miaka. Jirani akiteleza kwenye barafu namwambia "sorry", naye hunijibu kwamba si kosa langu. Nikawaeleza kwamba nilikuwa namaanisha pole, na pole haimtafuti mwenye kosa. Binti alisikiliza huku akipuliza kidole.

Siku iliyofuata mama alipiga simu akilalamikia goti. Nilikuwa nafungua mdomo kutafsiri, binti akaichukua simu mkononi mwangu.

"Pole, bibi. Maumivu yako nibebe mimi."

Lafudhi ilikuwa ya Maryland kabisa. Mama alisogeza uso karibu na skrini.

"Rudia, mke mwenzangu, nisikie."

Akarudia, na wakaendelea kuongea, yeye akikosea na bibi akimtania, hakuna aliyenihitaji. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Jumatatu nilimwambia mwenye duka kwamba neno lake limefika Tanga. Alijipangusa unga mikononi, akaniuliza limefika limevaa nini.

Nikamwambia, kanga.