Jaji wa Dirishani

Niliacha shule kidato cha pili, lakini kusoma watu sijaacha mpaka leo. Hiyo ndiyo sentensi ninayopenda kuitoa nikiulizwa elimu yangu. Kwa kawaida anayeuliza ni mtu anayetaka kunipa kazi, na kwa kawaida akishaisikia hanipi.

Nimebeba magunia kwenye maghala ya Masasi. Nimepaka rangi nyumba za walimu Lukuledi. Lupaso nilichimba kisima ambacho hadi leo wanakitumia kutupia takataka. Kazi hainikai mkononi, kwa sababu watu wawili wakianza kubishana karibu na mimi, lazima niweke chini nilichoshika nikasikilize. Mwaka huo nilikuwa nimepanga chumba Newala, nauza maji ya madumu kwa baiskeli, na mabishano yalikuwa mengi kuliko maji, maana kesi ya koplo wa polisi aliyeshtakiwa kuua ilikuwa inakaribia mwisho.

Mama wa marehemu alikuwa jirani yangu, mjane wa Kimakonde mwenye shamba la mikorosho nje kidogo ya mji. Mwanawe wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda. Alfajiri moja ya msimu wa korosho alipakia magunia kwenye pikipiki awahi foleni ya kupima kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Koplo huyo akamsimamisha njiani. Yaliyofuata yalibishaniwa mahakamani muda mrefu, ila mwisho wake haukuwa na ubishi: kijana alikutwa amelala kando ya barabara na risasi mgongoni. Koplo alisema alikuwa mwizi wa korosho na alitaka kukimbia.

Neno mwizi lilifika mtaani kwetu kabla ya maiti.

Sasa, huku kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linabaki kwenye kadi ya kupigia kura tu. Anakuwa Mama na jina la mtoto wa kwanza, basi, mpaka anaingia kaburini. Huyu naye aliitwa hivyo, kwa jina la kijana wake. Sitaliandika hapa. Lilishapita kwenye midomo mingi isiyohusika, wangu ukiwemo.

Hakuna aliyeitisha kikao kuamua, lakini arobaini ilipopita nikaanza kusikia watu wanamwita kwa jina la binti yake, mtoto wa pili. Wengine walifanya kwa huruma, wasimtoneshe kidonda. Wengine, nadhani, waliona aibu kulitaja jina la mwizi kwa sauti bombani mbele za watu. Mimi sijui nilikuwa upande gani. Niliona wote wanafanya, nikafanya. Hata sigara nilianza hivyo hivyo. Mama alikuwa anaitika. Ila alichelewa kidogo, kama mtu aliyepokea simu ya mtu mwingine.

Mmoja tu hakubadilisha. Alikuwa mwanamke wa Kiyao, muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pale stendi, mtani wake. Msibani, wakati sisi wote tumeinamisha vichwa, huyo alivaa helmeti ya marehemu akazunguka uwanjani kuuliza nani anakwenda mjini, maana dereva leo amelala. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, kama utani unavyotaka. Na baada ya hapo kila akikutana na mama yule alimwita kwa lile jina la zamani, kwa sauti ya sokoni, na tusi dogo juu yake. Mama fulani, hiyo kanga au tambara la deki? Mama fulani, mbona unatembea kama umekanyaga mwiba? Mimi niliona ni ukatili. Siku moja nikajitia kumkanya. Aliniangalia toka kwenye kandambili hadi kwenye kofia, akaniuliza mimi ni mtani wa nani. Nikasema si mtani wa mtu. Akasema basi nikauze maji.

Kesi ilipokaribia hukumu, Newala nzima ilikuwa mahakama. Wengi waliapa kwamba polisi hafungwi na polisi, ataonekana kituoni Jumatatu amechomekea vizuri. Wengine walisema safari hii jaji ametoka mbali, hajala ugali wa mtu yeyote hapa. Mimi nilikuwa na msimamo wangu wa kitaalamu. Niliwahi kukaa kwenye kesi kadhaa za ardhi pale Masasi, kwa sababu ndani kulikuwa na feni, na humo nikaokota maneno. Kwa hiyo kwenye kijiwe cha kahawa nilikuwa nafafanua tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, kikombe mkono mmoja, kidole hewani. Niliwahakikishia kwamba koplo atapata miaka michache. Wazee walinisikiliza. Mmoja aliniita mwanasheria, na mpumbavu mimi nikaitika.

Ndiyo maana mama yule alinigongea mlango jioni ya kabla ya hukumu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa kwenye ndoo yangu.

"Mwanangu, wanasema wewe unajua mambo ya mahakama," alisema. "Twende wote Masasi kesho. Mimi ndani siingii tena. Siku ile ya ushahidi yule wakili wa koplo aliniuliza mwanangu alianza wizi akiwa na umri gani. Utaingia wewe. Sitaki uniambie miaka. Nataka neno moja: kama jaji atasema mwanangu hakuwa mwizi."

Nilimwambia hilo ni dogo sana.

Asubuhi tuliteremka kutoka Newala hadi Masasi, tukakuta uwanja wa mahakama umejaa kama mnada. Bodaboda walikuwa wamejipanga nje ya uzio, wamevaa vitambaa vyeusi mikononi. Kwa upande mwingine walisimama ndugu wa koplo, wachache, na mkewe katikati yao akiwa na gauni la kanisani. Hakuna aliyewatukana. Watu waliwapita kwa kuzunguka, kama unavyozunguka dimbwi. Mama nilimweka kwenye benchi upande wa nyuma penye kivuli, nikaenda kuingia. Askari mlangoni akasema pamejaa. Nikamweleza kwamba mimi ni mwakilishi. Akaniuliza wa nini. Nikaenda dirishani.

Dirisha lilikuwa zuri. Nilikuwa wa kwanza kwenye nondo, na nyuma yangu walikuja kusimama watu wengi, na kwa kuwa hawaoni wala hawasikii, waliniteua. Anasema nini? Nikawa naona kila kitu. Niliona viatu vya koplo, vimepigwa dawa vikang'aa, na nikawaza nani kampelekea dawa ya viatu mahabusu. Niliona karani anapigana na usingizi. Niliona yule Myao muuza ming'oko amekaa benchi la mbele kabisa, sinia lake juu ya magoti, na sijui alimwambia nini yule askari wa mlangoni. Jaji alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kurasa na kurasa, shahidi wa kwanza alisema hivi, wa pili vile. Niliwarushia wa nyuma vipande vipande, na pale niliposikia nusu nilijazia mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ukaanza karibu na geti. Madereva wawili walikuwa wanabishana kama serikali bado inaye mnyongaji. Mmoja alisema yupo, anaishi Dodoma, ana mke, na mke hajui kazi ya mumewe. Mwingine alisema yule alishastaafu na nafasi ikatangazwa watu wakaogopa kuomba. Nawaambia ukweli, sijawahi kukutana na hoja tamu kama ile. Niliwaza: jaji bado ana kurasa nyingi, naenda mara moja. Nikamwachia mtu dirisha langu. Nikaenda, nikauliza maswali kadhaa ya msingi, hasa juu ya huyo mke.

Niliporudi, ndani wote walikuwa wamesimama. Nilimsukuma mtu, nikapenyeza sikio. Jaji alikuwa anamalizia. Nikasikia wazi kabisa: "Mshtakiwa ana haki," na pikipiki ikapiga honi nje ikameza yaliyobaki.

"Anasemaje?" waliniuliza nyuma.

"Amesema ana haki," nikajibu.

Sikuona neno likiondoka mdomoni. Nililiona tayari liko getini. Ana haki. Koplo ana haki. Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu. Bodaboda waliwasha injini zote kwa pamoja, na kijana mmoja akaokota jiwe, akalishika tu, akilitazama kama hajui limefikaje mkononi. Na mimi, mwanasheria, nilikuwa nazunguka nikieleza kwamba nilisema toka mwanzo, ingawa sikuwahi kusema hivyo.

Kisha mlango ukafunguliwa. Koplo akatolewa na pingu, askari wenzake kila upande, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye haki. Viatu vilikuwa bado vinang'aa. Wakili mmoja aliyetoka nyuma yake akazungukwa, akaulizwa, akashangaa swali. Ametiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, alisema. Amehukumiwa kunyongwa hadi kufa. Hilo la haki ni haki ya kukata rufaa, na kila anayehukumiwa huambiwa.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele na honi. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Halafu mke wa koplo alipita, ameshikwa mkono na mama mtu mzima, na vigelegele vikapungua vyenyewe, vikafika mahali vikakoma. Kunyongwa ni neno ambalo kijiweni lilikuwa jepesi. Pale lilikuwa na mke, na mke alikuwa na gauni la kanisani. Kijana wa jiwe aliliweka chini taratibu pembeni ya ukuta, kama yai.

Baada ya hapo wakakumbuka kuniuliza mimi nilikuwa nimesikia nini. Sitarudia yote niliyoitwa. Lililoshika ni jaji wa dirishani, na lilipanda Newala kabla yangu.

Nilizunguka hadi kwenye benchi la nyuma. Mama alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani. Maneno yote mawili yalikuwa yamemfikia, langu la uongo na lile la kweli, na hakuna aliloliitikia. Nilimwambia kwamba amehukumiwa kunyongwa. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Na lile neno langu?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuthubutu kujazia. Neno lake, kama lilisemwa, lilisemwa wakati mimi niko getini nachunguza ndoa ya mnyongaji. Nilimwambia palikuwa na kelele. Aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, akaanza kukunja kanga yake ili aondoke.

Ndipo yule Myao akatokea kona ya jengo, sinia kichwani. Alisimama mbele ya rafiki yake akamwita kwa jina la mwanawe, kwa sauti iliyogeuza shingo za watu hadi barabarani.

"Umekaa hapa kama gunia, na mimi nimekaa mle ndani mpaka makalio yamekufa ganzi kwa ajili yako," alisema. "Jaji amesema korosho zilikuwa zenu. Za shambani kwenu, mikorosho yenu, magunia yenu. Mwanao hakuiba hata kokwa. Kwa hiyo hukuzaa mwizi. Ulizaa mjinga, anatoka na giza kuwahi foleni kama foleni inahama. Kwani kamfuata nani kwa ujinga huo, kama si wewe mwenyewe?"

Mama alimtazama. Nilidhani atampiga. Akaanza kucheka, kicheko kidogo kikavu, halafu akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na kutokea hapo sikuweza kujua kama bado ni kicheko. Mtani wake alishusha sinia, akakaa kwenye benchi, akamsogeza kwa nyonga apate nafasi.

Tulisubiri gari la kupanda Newala tukila ming'oko. Habari ilikuwa imeshatapakaa. Watu wa kwetu waliokuwa stendi walikuja mmoja mmoja kutoa pole na pongezi, hawajui ipi itangulie. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuja, akainama kwa heshima, akamwamkia kwa jina la binti.

Mama aliendelea kumenya. Fundi akafikiri hajasikia, akarudia.

"Huyo hayupo hapa," yule Myao alimwambia. "Mtafute kwao."

Fundi alinitazama mimi. Nikatazama ming'oko. Akasafisha koo, na kwa sauti ya chini, kama anayejaribu soda ya baridi kwenye jino bovu, akamwamkia kwa jina la yule kijana.

"Marahaba, baba," alijibu mama, hapo hapo, bila kuchelewa hata kidogo. "Nyumbani hawajambo?"

Gari lilipokuja nilibeba mzigo wake, na kabla hajapanda nikaona ni zamu yangu. Nililitaja lile jina, Mama na jina la mwanawe, nikamwomba anisamehe kwa mambo ya dirishani. Ulimi uliteleza katikati ya jina, ikabidi nilianze upya.

"Wewe kwa maneno hujambo," alisema. "Ukishamaliza kulijaribu jina langu, panda, jaji. Unazuia mlango."