Mpira wa Boti ya Zahanati

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya simu moja na udadisi wangu mwenyewe. Dada Oliva, muuguzi wa zahanati ya mwambao wa Nyasa, aliniambia boti yao inachemsha injini. Wiki iliyopita waliishia njiani wakipeleka chanjo kwenye kijiji kisicho na barabara. Akina mama walisubiri mpaka jua likazama. "Tusipofika na safari hii, hawatakuja tena tukiwaita," alisema. Mimi ni fundi wa malori, boti nilikuwa sijawahi kuigusa. Nilitaka kujua rejeta yake, ile ya kupoza maji ya injini, inakaa wapi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari dogo, mapajani nimepakata mpira wa maji mrefu kuliko uliohitajika, kwa woga wa asiyejua aendako. Baada ya mashamba ya kahawa barabara ilianza kushuka, kona juu ya kona. Nikavua koti, kisha sweta. Ziwa lilipotokea, nilimuuliza dereva kama ule mstari wa ng'ambo ni mawingu.

"Ni Malawi ile," akanijibu.

Saa mbili, Mbamba Bay. Nahodha wa boti, Mzee Yustino, alinipokea ufukweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vua viatu."

Boti ilikuwa imeegemeza pua mchangani. Nyuma yake ulitoka mguu wa chuma wenye panga la kusukuma maji. Rejeta hakuna! Mguu hunyonya maji ya ziwa, yakapita kwenye mpira mfupi ulio nje, yakaizunguka injini na kutemwa. Nilicheka peke yangu: ziwa zima ndilo rejeta.

Nilitafuta panapovuja, sikuona hata tone. Mzee Yustino naye alikuwa ametafuta wiki nzima. Nilipoukunja mpira kwa vidole ndipo ufa ukajitokeza upande wa chini. Kwenye lori ufa hutoa maji. Huku, kwa kuwa mpira unanyonya, ufa ulikuwa unaingiza hewa mahali pa maji. Ugunduzi huo ulinipa kiburi. Nilifungua klipu mbili zilizoubana, nikakata mpira mpya ukanyooka vizuri bila kulegea, kama tunavyopenda gereji, nikakaza.

"Tayari," nikasema.

"Basi panda," akasema Mzee Yustino.

"Mimi nabaki, mzee."

"Kwetu hapa fundi habaki ufukweni. Aliyetengeneza chombo hukipanda safari ya kwanza."

Nilimtazama Dada Oliva nikitumaini atanitetea. Alikuwa anapakia kisanduku cha chanjo. "Mzee hatanii," akasema.

Sijui kuogelea. Sisi Wamatengo tumezoea milima. Maji ni ya kuoga na kupikia. Niliogopa, nasema kweli. Nikaomba dakika kumi.

"Mzee, hebu zungusha usukani mpaka mwisho."

Mguu uligeuka, na mpira wangu ukakazika kama kamba ya mbuzi mbishi, ncha moja ikaanza kuchomoka kwenye klipu. Injini ya lori hukaa palepale. Mguu huu unageuka safari nzima, nami nilikuwa nimepima mpira mguu ukiwa umenyooka.

"Ungechomoka kule tunapokata kona kwenye miamba," alisema Mzee Yustino, taratibu. Niliona aibu.

Nilikata kipande kingine, safari hii nikakiachia nafasi ya kujikunja. Tukageuza kushoto na kulia, tukauinua mguu na kuushusha. Hakikuvutika.

Saa tano tuling'oa nanga. Nilishika ukingo kwa mikono miwili, macho kwenye geji ya joto la injini. Sindano haikupanda. Tulipoizunguka miamba, akina mama walikuwa wamekaa mchangani na watoto wao.

"Leo mmefika," mmoja alimwambia Dada Oliva, akaanza kumfungua mwanawe mgongoni.

Kesho yake nilirudi Mbinga. Gerejini lilinisubiri lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, breki mbovu. Nilimaliza mchana. Miaka yote nimekuwa nikiwakabidhi madereva funguo na kuwapungia mkono. Nilimwomba huyu asubiri kidogo, nikaingia tena chini ya lori, nikakagua upya. Kisha nikafungua mlango wa abiria, nikapanda.