Usukani wa Pawa na Kiti cha Mama

Hakuna kitu cha gari kinachoweza kunishangaza mimi. Niliachia shule darasa la sita, nikabeba magogo kwa lori kutoka msituni hadi Elburgon mvua ikipiga, breki za kuomba Mungu, na leo nina mashine yangu ya kupasua mbao na nyumba Milimani. Walionicheka wakati ule sasa wananiita bosi.

Gari langu la kutembelea ni kombi la zamani. Nililiwekea kitanda, jiko la gesi na kabati nilizochonga mwenyewe. Usukani wake ni mgumu, sikatai. Kuukata gari likiwa limesimama ni kama kugeuza gogo bichi. Lakini mwanaume alipewa mikono ya nini?

Sisi asili yetu ni magharibi, na kila Desemba tunatoka Nakuru kwenda nyumbani, magari yakifuatana. Gari alilopanda mama ndilo linalotangulia. Hakuna aliyeandika hiyo sheria na hakuna anayeivunja. Miaka tisa mama alikaa kiti cha mbele cha kombi langu, na miaka tisa wengine walikula vumbi langu.

Halafu mdogo wangu akaja na la kwake. Huyu ni yule niliyemlipia karo kwa pesa za mbao mpaka akavaa joho. Kombi kama langu, kuukuu kama langu, ila amelifunga usukani wa pawa. Akalizungusha ndani ya boma langu kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Chai yangu! Kisha akampa mke wangu usukani. Mke wangu ana leseni, lakini kombi langu lilikuwa limemshinda kabisa. Akazunguka mparachichi mara tatu akicheka. Sikukumbuka ni lini mimi nilimchekesha hivyo.

Mama alitazama yote, akaniambia, "Mwaka huu nitaenda na huyu. Wewe unapigana na gari mpaka mgongo wangu ndio unauma."

Nikarudisha chapati sahanini.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa fundi wangu, mzee ambaye mikono yake haijawahi kutakata grisi. Akanieleza kazi yenyewe: pampu ya kuzungushwa na injini, mipira ya kupitisha oili, na boksi la usukani linalolingana na gari. Boksi la kufaa lingechukua wiki mbili kupatikana. Wiki mbili! Desemba ilikuwa imefika. Nikaenda mwenyewe kwa wauza spea za magari yaliyovunjwa, nikarudi na boksi la lori. Mimi naamini lori.

Fundi aliligeuza, akalirudisha chini. "Bosi, hili mkono wake wa kusukuma magurudumu unaangalia nyuma. Lako unaangalia mbele."

"Wewe funga. Mimi nimeendesha lori kabla hujajua spana."

"Mimi nafunga. Lakini nimesema."

Alifunga siku tatu, kombi likiwa nje kwangu, limeelekea geti. Nikampigia mdogo wangu aje na mama waone. Walisimama kando ya geti langu, mke wangu katikati yao. Nikaja moja kwa moja kwa kidole kimoja, kama yeye. Laini! Kidole kimoja na kilo nyingi za furaha, mpaka nilipokata kulia kidogo kulilenga geti katikati, na gari likaenda kushoto. Nilivyozidi kukata kulia, ndivyo lilivyozidi kushoto. Nguzo ya geti ilianguka na taa ya mbele ikaanguka nayo.

Mdogo wangu alikuja dirishani polepole. "Brathe, kumbe siku hizi linaenda linapotaka lenyewe?"

Mama hakucheka. Hiyo iliniuma zaidi.

Nilirudi kwa fundi, kombi likivutwa. Akaagiza boksi sahihi, nikangoja zile wiki mbili kama mtu mwingine yeyote. Siku ya safari nilimwendea mama nikamwambia usukani sasa ni kama siagi, apande tu.

"Nitapanda," akasema. "Lakini aendeshe bibi yako. Wewe mkono wako bado ni wa lori."

Kwa hiyo kombi langu lilitangulia, kama miaka yote, na mdogo wangu alikuwa nyuma. Mke wangu alishika usukani, mama akiwa kando yake. Mimi nililala kitandani kati ya magunia ya viazi vya Kuresoi. Tulipopita Mau Summit mama alimenya ndizi, akampa mke wangu kipande kimoja kimoja mdomoni asiachilie usukani, wakicheka mambo ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu ya injini. Mimi mama hajanimenyea ndizi tangu niache shule.

Pampu, mipira, maboksi mawili, fundi mara mbili, taa na nguzo ya geti: shilingi laki moja, elfu arobaini na tatu, mia sita na hamsini.