Ami Alinisomea Barua ya Daktari kwa Uongo

Assalaam aleikum admin na nyote mnaosoma. Nisitirieni jina langu na la timu, maana Likoni tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mkaazi wa Shika Adabu, na nilikuwa kipa. Naandika haya nikiona kinyaa, na ninayemwonea kinyaa ni ami yangu, ndugu wa baba toka nitoke, aliyenilea tangu baba alipofariki nikiwa darasa la tano.

Ami ndiye kocha wetu. Jamaa walipopiga kelele kwamba mtoto wa kike wa nyumba yetu hachezi mpira, yeye ndiye aliyewanyamazisha. "Muacheni mwanangu acheze, bora ajisitiri." Nikacheza na suruali ndefu na mtandio nimeukaza, na wallahi nilikuwa nadaka. Neno la ami kwangu lilikuwa halina swali.

Mwaka jana walikuja madaktari wa macho kupima watu bure kwenye skuli iliyo karibu na uwanja wetu. Ami akatupeleka timu nzima. Wakanitia dawa ya kufungua mboni, wakanimulika taa, kisha wakanirudia mara ya pili, wenzangu hawakurudiwa. Kwa kuwa sikuweza kusoma kwa dawa ile, daktari akauliza mzazi wangu yuko wapi. Ami akasema, "Ni mimi." Wakasogea kando, wakazungumza, akatia sahihi akapewa barua.

Ile dawa ilikuwa imenitia ukungu machoni, hata vidole vyangu sikuviona sawasawa. Nikamwambia, "Ami, nisomee."

Akaifungua mbele yangu akasoma: "Macho yamechoka kidogo. Yanataka mazoezi." Akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamshukuru.

Basi tukaanza mazoezi ya macho, aliyoyaona kwenye simu yake. Ananirushia mipira midogo iliyoandikwa herufi, niitaje herufi kabla sijaidaka. Ananifunga kitambaa jicho moja, nidake kwa jingine. Siku ya kwanza aliponifunga la kulia nikaona kiza kimezunguka pande zote, na katikati kijitundu tu cha mwanga. Nikamwambia, "Ami, hili la kushoto silioni sawa." Akanijibu, "Hilo ni vivu. Ongeza bidii." Nikaongeza. Miezi mitatu nilikuwa naongeza. Mipira ilinipiga puani na mdomoni, wenzangu wakicheka, na mimi najilaumu kwa uvivu wa jicho langu.

Krosi za kutoka kushoto zikawa zinanipita. Siku moja nilijigonga kwenye mlingoti wa goli mbele ya watu, wakaniita kipofu. Tukafika fainali ya mashindano ya mwaka ule hivyo hivyo, tukashinda kwa penalti, maana penalti inakuja mbele yako. Ami akabebwa juu juu na kikombe mkononi.

Wiki hiyo nikammiminia mamangu chai, nikaimwaga nje ya kikombe, ikamchoma mkono. Mama hakulia mkono wake. Aliniangalia machoni, kisha akanishika akanipeleka hospitali.

Daktari akanipima, akasema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha karibu lote, na kilichopotea hakirudi. La kulia laweza kuokolewa kwa matone ya dawa kila siku ya maisha yangu. Nikamuuliza kuhusu mazoezi. Akasema mazoezi yale humsaidia mchezaji kutumia macho aliyonayo, lakini hayatibu ugonjwa. Akageukia daftari lake lenye majina ya tuliopimwa kule skuli. "Wewe mbona tulishakuandikia uje hapa upesi? Mzazi wako alichukua barua."

Mama aliketi chini sakafuni.

Nilimkuta ami barazani kwake anakula mahamri na mbaazi. "Ami, ile barua ilisemaje?" Hakubabaika hata kidogo. Akachovya hamri, akatafuna, akasema, "Ningekwambia, ungedaka fainali wewe? Nilijua tutakwenda baada ya mashindano. Na jicho moja si lipo?" Kisha akalamba mchuzi vidoleni, kimoja kimoja. Tangu siku ile siwezi kula chakula kilichopita mkononi mwake, na akinipa mkono hukimbilia maji.

Na bado hajatosheka. Sasa anafundisha wasichana wadogo mazoezi yale yale, anawarekodi na kuwaweka mtandaoni. Anawaambia wazazi kwamba mimi nilikuwa na macho mabovu, yeye akanitengeneza bila hospitali, nikachukua kikombe. Kuna mmoja wa darasa la sita, jirani yetu, akitazama kitu hupindisha kichwa chote upande. Mamake alitaka kumpeleka kwa daktari. Ami akamwambia, "Usihangaike, mlete kwangu."

Nilimwambia mama nataka kusema. Akaanza kulia. "Mwanangu, nyumba hii tunayoishi ni ya nani? Ami yako ndiye aliyetusimamia tulipokuwa hatuna mtu. Ukimvua nguo yeye, umetuvua sote. Mwachie Mungu."

Jana ami amenitumia ujumbe. Jumamosi anaita wazazi wote uwanjani, na anataka nisimame kando yake niwaeleze vile mazoezi yalivyonisaidia. Ameandika, "Vaa jezi ya fainali." Nimeisoma simu ile nikaenda kutapika.

Nimeshamwendea mama wa yule mtoto, nikamwambia ampeleke hospitali. Akanijibu, "Lakini ami yako asema wewe ulipona." Nikakumbuka machozi ya mama, nikaondoka.

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kwa akili zenu, zangu zimefika mwisho. Niende Jumamosi niseme ukweli mbele ya wazazi wote, mama yangu atolewe nyumbani kwa ajili yangu? Au ninyamaze, nimuache yule mtoto afungwe kitambaa? Nyinyi mngekuwa mimi, mngefanyaje?